Chuo Kimoja kwa Mapasa

Siku matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, Mama alinunua makopo mawili ya poda. Kwetu Masisi mtoto akipata diploma ya serikali humwagiwa poda kichwani mpaka afanane na mtu aliyelala ndani ya unga wa muhogo, kisha watu humtembeza barabarani wakipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimepata asilimia sabini na mbili. Kaka yangu alikuwa amepata hamsini na moja, na hiyo moja naamini aliipata kwa huruma ya msahihishaji. Mama alifungua makopo yote mawili kwa pamoja, moja mkono huu, moja mkono ule, akatumwagia sawasawa. Bibi yetu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Koko, alisimama karibu akichungulia ndani ya makopo, ahakikishe kwamba hakuna lililobakiza poda zaidi ya lingine.

Sikukasirika siku hiyo. Nilicheza, nikapiga picha, nikala nyama. Ningejua kinachokuja ningelipiga teke lile kopo langu likaangukia bondeni.

Mimi na kaka yangu, msichana na mvulana, tulizaliwa pacha. Kwetu tunasema mapasa, na mwanamke akizaa mapasa hupoteza jina lake la zamani: tangu siku hiyo ni Mama Mapasa, na mumewe ni Papa Mapasa, mpaka kaburini. Mapasa wana sheria yao. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake, kitu kile kile, kipimo kile kile, siku ile ile. Ukimnyima mmoja, yule aliyenyimwa ataugua, na akiugua sana utamzika. Papa alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili alisimama mbele ya watu akahubiri kwamba mambo ya giza tumeyaacha. Jumatatu akishuka sokoni alirudi na daftari mbili za rangi moja, kandambili jozi mbili, na pipi mbili zilizotoka kwenye mfuko mmoja. Hakuona ubishi wowote kati ya siku hizo mbili.

Sheria hiyo ilikuwa na ushahidi wake, na ushahidi wenyewe ulikuwa mimi. Tulipokuwa na miaka mitano, mdogo wake Mama alipanda kutoka Goma akaniletea viatu vyekundu. Vya kaka hakupata, namba yake haikuwapo sokoni. Kabla wiki haijaisha kaka alishikwa na homa, akapinda mgongo, macho yakageuka. Koko alinivua viatu miguuni akavitupa chooni. Kaka akapona. Alikuwa amepelekwa hospitali pia, alikuwa ametiwa dripu siku tatu, lakini katika hadithi yetu ya nyumbani dripu haitajwi. Vinatajwa viatu. Ilikuwa malaria, jamani. Mbu wa Masisi hajawahi kuuliza nani amevaa viatu.

Nilianza kutaka udaktari nikiwa na miaka kumi na minne, na nilianza kwa sababu ya Koko yule yule. Tumbo lilikuwa likimchoma, na mimi nilipewa kazi ya kumsindikiza hospitali ya Masisi kutoka kijijini kwetu Kingi, kwa sababu Koko anasema Kihunde tu na daktari hakujua hata salamu ya Kihunde. Nilisimama katikati yao nikageuza maneno. Nilidhani daktari, au munganga kama tunavyosema, angetoa mashine. Hakutoa kitu. Aliuliza. Anakula nini? Anaumwa kabla ya kula au baada? Anatumia dawa gani nyingine? Nani alimpa? Za nini? Kwa maswali matupu alifika kwenye vidonge vya goti ambavyo Koko alikuwa akivinunua sokoni na kuvimeza asubuhi bila kula, vidonge ambavyo sisi wa nyumba moja naye hatukuvijua. Vilikuwa vinamtoboa tumbo. Akamkataza, akampa dawa nyingine, na Koko akapona. Nilirudi nyumbani nimeduwaa. Kumbe kazi yenyewe ni kuuliza, na kuuliza nilikuwa nakuweza kuliko mtu yeyote kijijini, mpaka nilikuwa napigwa kwa ajili hiyo.

Basi baada ya ile poda nilituma dosie yangu, karatasi zangu zote za maombi, nikashuka Goma kufanya mitihani ya kuingia, na kufikia mwanzo wa mvua nilikuwa na vyuo vitatu mkononi.

Cha kwanza kilikuwa Bukavu, ng'ambo ya ziwa. Waliofanya mtihani walikuwa wengi kuliko madirisha ya lile jengo, na jina langu lilikuwa kwenye orodha iliyobandikwa. Sifa yake haikuhitaji kuelezwa. Papa mwenyewe alizoea kusema kwamba munganga aliyesomea kule akiandika dawa, hata mwenye famasia anasimama wima. Lakini karo yake ya mwaka mmoja ilikuwa ng'ombe wawili, bado chumba, bado chakula, na sisi zizini tulikuwa na ng'ombe watano. Cha pili kilikuwa Goma. Huko ng'ombe mmoja angetosha, na ningelala kwa mama mdogo, yule yule wa viatu. Kasoro yake ni kwamba walimu hugoma, na miaka inajivuta, unaingia kijana unatoka na mvi. Cha tatu kilikuwa chuo kipya, Walikale, ndani ya msitu. Huko hapakuwa na mtihani wa kuingia. Walipokea kila mtu, na walipokea hata magunia ya maharagi badala ya karo.

Nilimrudia yule daktari wa Masisi na daftari mkononi nimwulize namna ya kuchagua. Alikuwa amechoka, amekaa kwenye ngazi ya maternite, wodi ya wazazi, akila muhogo wa kuchoma, lakini alinijibu kwa uzito kama mtu mzima.

"Usianze na bei," akasema. "Uliza: banafunzi banafanyia mazoezi ku hospitali gani? Uliza: labo iko, maiti ya kujifunzia iko? Uliza: balimu banalala pale, ao banapitaka tu? Na ya mwisho, uliza karatasi ya minista. Bila ile karatasi, utasoma miaka saba na utakuwa munganga wa kwenu tu nyumbani."

Niliandika maswali manne: hospitali, maabara na maiti, walimu, kibali cha waziri. Bukavu ilijibu yote manne. Goma ilijibu matatu na nusu. Nilishuka mlima nikiwa nimekwisha amua: Bukavu kama Papa atakubali kuuza ng'ombe, na asipokubali, Goma, na sitanuna.

Jumapili iliyofuata mwenye chuo cha Walikale alikuja mwenyewe. Alisimama uwanjani baada ya ibada, tai shingoni, viatu vimejaa matope mpaka kwenye kamba, na nyuma yake kitambaa kikubwa chenye picha ya jengo ambalo leo najua halikuwapo. Mtu alikuwa amekwisha mwambia juu yetu, maana alituita mbele, mimi na kaka, akatushika mabega.

"Mapasa!" akasema. "Kwetu mapasa habalipake kama bengine. Tutabapokea bote babili, kwa bei ya mumoja na nusu. Bote babili baganga!"

Watu wakapiga makofi. Mama akafuta machozi. Mimi nikafungua daftari langu pale pale na kuuliza maswali yangu manne, moja baada ya jingine, kwa sauti.

Alicheka vizuri sana, yule bwana. "Hospitali iko, iko pale pale. Maiti itakuya. Balimu biko njiani. Na karatasi iko kwa minista, inangojea tu mukono yake."

Makofi tena. Nikasema kwamba vitu vinavyokuja si vitu vilivyopo. Papa akanivuta kwa kiwiko mpaka nyuma ya kanisa. "Mutoto haulizake mutu mukubwa vile mbele ya batu," akasema. "Unatuletea haya." Ndiyo hesabu ya nyumbani kwetu: aliyedanganya alipewa soda, na aliyeuliza alipewa kofi la maneno.

Baraza la nyumba lilikaa Jumanne. Papa, Mama, Koko, na sisi wawili kwenye benchi moja. Sijasahau hata neno moja.

"Bukavu, hapana," Papa akaanza. "Na musifikiri ni juu ya ngombe. Ngombe minaweza kuuzisha. Lakini mumoja anaenda Bukavu, na mwengine anabakia hapa na jembe? Ile muzani gani?"

"Papa, yeye hakufanya mutihani ya Bukavu wala ya Goma," nikasema. "Asilimia yake haifike."

"Njo ile minasema. Haifike. Basi twende kwenye bote banafika."

Koko akasema maneno yake kwa Kihunde, polepole, akitutazama miguu. Alisema juu ya viatu vyekundu.

"Ilikuwa malaria!" Nilisimama. "Koko, ilikuwa malaria!"

"Malaria njo jina yenye ninyi banafunzi munaipatia," Mama akasema. Hakuwa mkali. "Miye sitaki kuzika mutoto juu ya masomo. Sitaki. Mutanisamehe."

Nilimgeukia kaka yangu. Nilitaka aseme. Mtu ambaye hakuwahi kufungua kitabu cha biolojia bila kusinzia, mtu aliyejua majina ya ng'ombe wa majirani wote kuliko mifupa ya mkono wake mwenyewe, alikuwa na neno moja tu la kusema: sitaki. Angesema, mambo yangekwisha. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachokonoa udongo kwenye kucha. Papa akauliza, "Tumesikilizana?" na kaka akaitikia kwa kichwa. Niliapa moyoni kwamba hilo sitamsamehe. Papa aliikunja barua yangu ya Bukavu akaiweka ndani ya Biblia, kana kwamba anaihifadhi, na siku ya mwisho ya kujiandikisha ikapita ikiwa humo, kati ya Ayubu na Zaburi.

Karo ililipwa mwezi kwa mwezi kwa maharagi na pesa kidogo, bila kuuza ng'ombe. Tulinunuliwa kila kitu viwili viwili. Magodoro mawili, masufuria mawili, ndoo mbili, makoti mawili meupe ya wanafunzi yaliyoshonwa na fundi mmoja kwa kipimo kimoja, kwa hiyo langu lilinipwaya na lake lilimbana. Pikipiki mbili zilitupeleka kupitia Nyabiondo, zinazama, zinasukumwa, vizuizi vinalipwa. Tulilala Kibua kwa familia ya kanisa waliotupa maharagi na fufu, ugali wa muhogo, na kutuombea, na yule mama mwenye nyumba alipojua sisi ni mapasa akapima sahani zetu kwa kijiko. Kesho yake mchana tukaingia Walikale.

Chuo kilikuwa ghala la zamani la madini. Wanunuzi walikuwa wamehama wakaacha mizani yao ikining'inia darini, na chini yake ndipo tuliposomea. Ukutani palikuwa pameandikwa kilo kwa mkaa, na juu ya zile kilo walibandika picha ya mwili wa binadamu iliyochanika goti. Hiyo ndiyo ilikuwa labo. Hospitali ya mazoezi ilikuwapo kweli mjini, ila mkuu wake hakuwa amewahi kuambiwa kwamba ana wanafunzi, na siku tuliyokwenda tumevaa makoti yetu alitufukuza kwa upole. Anatomia tulifundishwa na muuguzi mmoja mzee, mtu mwema, simlaumu. Alitufundisha alichokijua kwa mikono yake, na alikijua vizuri. Tulipofika kwenye ubongo alifunga kitabu.

"Hapa, batoto," akasema, "tutangojea profesa."

Profesa tulimngojea mwaka mzima. Barabara mbovu, barabara imefungwa, barabara ina watu wenye bunduki, profesa ni mgonjwa, profesa amepata kazi kwingine. Mwaka mzima nilisoma udaktari wa mtu asiye na ubongo, na nikajiambia kwamba hata walionileta pale hawana ubongo. Nasema nilivyofikiri. Nilifikiri hivyo juu ya baba na mama yangu, nikiwa macho, mchana, na sikuomba msamaha kwa Mungu.

Mwezi wetu wa tatu pale nilipita kwenye chumba cha wavulana asubuhi, nikakuta godoro la kaka limekunjwa na kufungwa kamba. Juu yake alikuwa ameniachia daftari zake zote, nyingi zikiwa hazijaandikwa kitu, na kalamu. Wenzake wa chumba waliniambia amekwenda machimbo ya Omate kuchimba dhahabu. Hakuniaga.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo linaniuma kuliko lile godoro lililofungwa kamba. Mama alipopiga simu na kusema, "Mupatie kaka yako nimusalimie," nilijibu yuko mtoni anaoga. Wiki nyingine yuko kanisani. Wiki nyingine amelala, kichwa kinamgonga, hapana, Mama, si sana, kidogo tu. Nilidanganya miezi saba. Nilijua wakijua mmoja ameacha, wataniita na mimi nirudi, maana mmoja akisimama wote wawili wamesimama. Mimi niliyeichukia sheria ya mapasa ndiye niliyekuwa nimeishika mkia, nimejificha nyuma yake, naililia isianguke.

Mwisho wa mwaka nilikuwa wa kwanza kati ya wanafunzi kumi na mmoja. Nikampigia yule daktari wa Masisi nimweleze. Akaniuliza kama karatasi ya minista ilipatikana. Baada ya siku mbili akanipigia yeye. Chuo hakikuwa kwenye orodha yoyote, na mwaka wangu haukuwa mwaka. Nilikwenda ofisini kwa mwenye chuo nikakuta kijana mmoja anang'oa kile kitambaa cha picha, akikikunja vizuri, kwani kilikuwa kitambaa kizuri cha kufunikia gari. Mwenye chuo alikuwa ameondoka. Wanunuzi wa madini walikuwa wanarudi, na mizani ilikuwa inawangoja pale pale darini.

Nilihitaji mtu wa kumtukana, na mtu niliyemjua aliko alikuwa mmoja. Nikapanda pikipiki nusu siku, nikatembea iliyobaki, nikafika Omate matope yananifika magotini. Kaka yangu alikuwa amekaa kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza wali na maharagi. Alikuwa amekonda, rangi imekuwa ya udongo. Aliponiona alisimama akasukuma sahani yake upande wangu, na akamwambia yule mama alete kijiko cha pili.

Sikukaa. Nilimwambia yote nimesimama, mbele ya wachimbaji waliokuwa wanakula. Bukavu, mizani, ubongo, orodha, miezi saba ya uongo. "Neno moja!" nikasema. "Ulikuwa na neno moja tu la kusema, sitaki, na ulinyamaza!"

"Ningekatala," akasema, "weye ungeenda wapi?"

"Bukavu!"

"Hapana. Unabasahau batu ba kwetu? Mumoja akikatala, babili banakatala. Ningesema sitaki masomo, Koko angesema basi, bote babakie ku shamba. Nilinyamaza juu ya weye usome."

Nilitafuta kosa kwenye maneno yake kama nilivyozoea kutafuta kosa kwenye mitihani. Hapakuwa na kosa. Ndivyo wangesema hasa.

"Basi mbona ulitoroka?"

"Sababu mule darasani nilikuwa nakulaka feza yako bure. Kila mwezi ile feza ya miye, kama ingekuwa juu ya weye, ungekuwa ku Goma."

"Sasa weye ulikuwa unataka nini?"

Akanitazama kwa mshangao. Mshangao, si hasira. Hasira ilikuwa yangu yote.

"Ngombe," akasema. "Maziwa. Kufanya fromaji. Tangu tukiwa batoto. Batu bote ba Kingi banajua." Kisha, akichota wali: "Weye uliuliza munganga. Uliuliza yule mutu wa tai. Naona uliuliza hata Mungu. Miye, hukuniulizaka."

Yule mama akaleta kijiko. Nikakaa.

Asiyeuliza hana ajifunzalo, hayo nilikuwa nimeandikiwa ubaoni tangu darasa la kwanza. Mimi niliyejiona bingwa wa kuuliza, niliyefungua daftari uwanjani kwa kanisa, nililala tumbo moja na mtu miezi tisa, nikakaa naye benchi moja miaka kumi na tisa, na sikuwahi kumwuliza anataka nini. Nilimtaka aseme tu neno lililonifaa mimi. Lakini msinielewe vibaya. Kujua hilo hakukuipunguza hasira yangu. Kuliiongeza mtu mmoja wa kukasirikiwa, na mtu huyo, mimi mwenyewe, nilikuwa nalala naye kila usiku.

Tulirudi Kingi pamoja. Hatukusindikizwa na poda. Papa aliposikia habari ya chuo alikaa chini kwenye nyasi na kofia yake mikononi, na Mama alimshikashika kaka mbavu akimtafuta ugonjwa. Baraza likakaa tena, benchi lile lile. Safari hii kaka hakungoja kuulizwa. Alisimama.

"Ngombe ziko tano," akasema. "Mumupatie dada mbili, azipeleke ku iniversite. Miye munipatie mbili, nibakie nazo hapa. Yake itakuwa shule, yangu itakuwa maziwa. Ni sawasawa. Moja inabakia ya Papa na Mama."

Mama akamgeuzia Koko maneno hayo kwa Kihunde. Koko akahesabu vidoleni, wawili huku, wawili huku, akatazama vidole vyake pande zote mbili. Akasema ni sawa. Akaomba maji ya kunywa.

Basi. Hivyo tu! Nilitoka nje nikaenda mpaka nyuma ya zizi nikalia kwa ghadhabu mpaka nikatapika. Hatukuhitaji kuivunja sheria yao, wala kumtukana Koko, wala kubishana na viatu vyekundu. Ilihitajika sentensi moja ya mtu mmoja aliyeulizwa, na ingeweza kusemwa mwaka mzima nyuma, barua ya Bukavu ikiwa bado na uhai. Maji yakimwagika hayazoleki. Yangu yalimwagwa na watu wanne waliokuwa wanapendana, na wa tano akiwa mimi.

Bukavu walinijibu kwa adabu kwamba nafasi hazihifadhiwi, nifanye mtihani upya. Wiki ya mtihani huo barabara ya kwenda Sake na Goma ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, na mimi nilikuwa upande usiofaa wa barabara, nimekaa juu ya begi langu na wauza kabichi. Mwaka mwingine ukaenda. Uliofuata nilishuka Goma, nikapokewa, nikaweka godoro langu kwa mama mdogo. Chuo si kibaya. Walimu wanagoma kama nilivyoambiwa, na wakirudi wanafundisha. Maiti ipo. Ubongo upo, nimeushika. Msichana niliyeketi naye kwenye ule mtihani wa kwanza wa Bukavu yuko mbele yangu miaka miwili, na akinitumia picha akiwa wodini ninazifuta kabla sijazitazama vizuri, halafu namwandikia hongera.

Mwaka huu tumeanza kutembelea wagonjwa. Lile koti la Walikale lilikuwa limegeuka kijivu, nikamwambia Mama nahitaji jipya. Lilikuja kwa dereva wa pikipiki, limefungwa kwenye gazeti. Jioni yake kaka akanitumia picha. Amesimama kwenye kibanda alichojijengea, nyuma yake vibao vya jibini, ile fromaji yake, mviringo mmoja juu ya mwingine, na yeye amevaa koti jeupe jipya, sare na langu.

Nikampigia Mama. "Mama, koti ya kaka ni ya nini?"

"Ya ngombe," akasema.

"Ngombe habaangaliake koti!"

"Nilisha nunua ya weye," Mama akasema. "Unataka mutoto augonjwe?"

Nilikata simu. Nilikasirika, ndiyo, na hasira yenyewe nilikuwa nimeizoea mpaka nikaijua kwa hatua zake. Kisha nikaifungua ile picha tena. Koti la kaka lilikuwa na madoa tayari, kifuani na kwenye mikono yote miwili, maziwa na samadi na moshi, madoa ya mtu anayefanya kazi yake. Langu nilikuwa nimelitundika mlangoni. Lilikuwa jeupe kabisa, na lilipaswa kuwa limechafuka tangu miaka miwili nyuma.